Kiti cha Austin Hugombewa Novemba, Hupatikana Machi

Shikamooni wazee, na wengine wote habari zenu.

Nimeitwa kueleza kazi moja tu: mhafidhina anayetaka kiti katika Baraza la Wawakilishi la Texas anafanya nini, kwa utaratibu gani, na mambo humharibikia wapi. Washington tuiache. Hapa ni Austin, mji mkuu wa Texas, ni viti 150, na ni kazi ambayo wengi wetu tuliofikia Abilene, Amarillo, Fort Worth au Houston tunaijua kwa mabango ya barabarani tu. Na kwa kuwa humu kuna Kiswahili cha Bukavu, cha Kigoma na cha Mombasa, tukubaliane mapema: nikisema mchujo, Mtanzania asikie kura za maoni. Nikisema eneo bunge, ajue ni jimbo la uchaguzi, maana neno jimbo nitaliachia Texas yenyewe.

La kwanza, na ndilo linalobeba mengine yote, ni tarehe. Uchaguzi mkuu hufanyika Novemba, kila baada ya miaka 2, na wengi hudhani hapo ndipo mbunge anapopatikana. Sehemu kubwa ya Texas sivyo. Mipaka ya maeneo bunge huchorwa na wabunge wenyewe, na imechorwa hivi kwamba mengi yana mwenyewe tayari, hili la Republican, chama cha wahafidhina, lile la Democratic. Baada ya uchaguzi wa 2024 Republican walikuwa na viti 88 na Democratic 62, na vile vilivyokuwa na ushindani wa kweli Novemba vilikuwa vichache mno. Wakenya hawahitaji kufundishwa hili: mahali chama kimoja kinapotamba, mwenye tiketi ndiye mbunge. Kwa Texas, tiketi hiyo hutolewa Jumanne ya kwanza ya Machi.

Tupige hesabu. Sensa ya 2020 ilihesabu watu 29,145,505. Gawa kwa 150, kila mbunge anawakilisha watu wapatao 194,000. Sasa tazama wanaojitokeza. Machi 2024, mwaka wa urais, mchujo wa Republican ulipigiwa kura na watu wapatao milioni 2.3, katika jimbo lenye wapiga kura walioandikishwa karibu milioni 18. Kwenye ngome ya Republican hiyo ni kura elfu ishirini na kitu, mahali pengine elfu thelathini na kitu. Tuchukue 24,000 kwa mfano. Anayepata 12,001 amemaliza kazi. Hao ni kama watu 6 katika kila 100 wanaoishi pale, na wengi wao ni wazee wenye nyumba zao ambao hawakosi mchujo hata mvua inyeshe. Mgombea asiyejua hesabu hii humwaga pesa zake akizungumza na watu 194,000. Anayeijua huzungumza na 24,000, tena kwa majina.

Sifa za kugombea ni nyepesi. Uwe raia wa Marekani mwenye umri wa miaka 21, uwe umeishi Texas miaka 2 kabla ya uchaguzi, na mwaka wa mwisho uwe umeishi ndani ya eneo bunge lenyewe. Seneti ya Texas, yenye viti 31, inataka zaidi: miaka 26 ya umri na 5 ya ukaazi. Raia wa kuandikishwa ni sawa na mzaliwa, kwa kuwa kile kikwazo cha kuzaliwa raia ni cha urais na umakamu wake tu. Kila jimbo lina sheria zake, lakini kwa hili majimbo hayapishani: mwaka 2024 Huldah Momanyi Hiltsley, mzaliwa wa Kenya, alichaguliwa kuingia Baraza la Wawakilishi la Minnesota. Yeye ni wa Democratic. Mlango wenyewe hauulizi chama.

Kinachoangusha watu ni ukaazi. Mipaka ikichorwa upya, nyumba iliyokuwa ndani inaweza kujikuta nje kwa upana wa barabara moja. Na kupanga chumba ndani ya eneo ili upate anwani, huku kitanda na watoto viko kwingine, ni kumzawadia mpinzani kesi.

Karatasi ya kwanza kabisa si fomu ya kugombea. Ni fomu ya kumteua mweka hazina wa kampeni, nayo hupelekwa Tume ya Maadili ya Texas. Kabla ya hapo mgombea haruhusiwi kupokea wala kutumia hata dola moja ya kampeni. Naomba hili tulisikilize vizuri sisi, kwa sababu desturi yetu ni harambee: mtu anatangaza nia Jumapili, kofia inapita, kufika jioni bahasha zimejaa. Bahasha hizo ni kosa. Hata mweka hazina akishateuliwa, pesa taslimu kutoka kwa mtu mmoja hazitakiwi kuzidi dola 100 katika kipindi kimoja cha ripoti, na kumbukumbu lazima zionyeshe kila mchango umetoka kwa nani. Kofia haina majina.

Kampuni hairuhusiwi kumchangia mgombea. Ndugu mwenye duka la vyakula akitoa hundi yenye jina la kampuni, mrudishie aandike ya akaunti yake binafsi. Mwenye grini kadi anaruhusiwa kuchangia. Asiye raia na asiye na grini kadi haruhusiwi, na hiyo ni sheria ya shirikisho. Ajabu ni kwamba mtu binafsi anayeruhusiwa hana ukomo: kwa viti vya bunge, Texas haikuweka kiwango cha juu cha mchango. Mtu mmoja anaweza kumpa mgombea dola 50 au dola 500,000, mradi iandikwe. Ndiyo maana mchujo wenye ushindani sasa unakula laki kadhaa za dola, na mara nyingine unavuka milioni, kwa kiti chenye mshahara wa dola 600 kwa mwezi.

Sheria inamruhusu mgombea kujiteua mwenyewe kuwa mweka hazina. Ushauri wangu, asijiteue. Ripoti zinadaiwa tarehe 15 Januari na 15 Julai, kisha mwenye mpinzani anadaiwa nyingine siku 30 na siku 8 kabla ya uchaguzi. Ile ya siku 8 ikichelewa, faini ni dola 500 siku ya kwanza, halafu dola 100 kila siku hadi ifike 10,000. Inaangukia wiki ambayo mgombea anapata usingizi wa saa 4 tu kwa usiku. Mtafutie mtu aliyezoea vitabu vya hesabu, ikiwezekana asiyependa siasa.

Fomu yenyewe ya kugombea ina dirisha lake: hufunguliwa Novemba ya mwaka unaotangulia na kufungwa saa 12 jioni, Jumatatu ya pili ya Desemba. Eneo bunge likiwa ndani ya kaunti moja, fomu hupelekwa kwa mwenyekiti wa chama wa kaunti. Likivuka kaunti, hupelekwa kwa mwenyekiti wa chama wa jimbo. Ni fomu ya kiapo, kwa hiyo lazima isainiwe mbele ya kamishna wa viapo na kupigwa muhuri, na muhuri ndio unaosahauliwa. Ada ni dola 750, au badala yake saini 500 za wapiga kura wa eneo lile lile. Saini huharibika kirahisi. Aliyesaini anakaa nje ya mpaka, hajaandikishwa, hakuweka tarehe ya kuzaliwa wala namba ya mpiga kura, au hakuandika tarehe aliyosaini. Wapinzani hukaa na daftari wakakagua moja moja, hivyo anayetegemea saini akusanye 700. Mimi naona mwenye dola 750 alipe, kisha akusanye saini hizo hizo kama mazoezi: ni milango 500 iliyogongwa kabla kampeni haijapamba moto.

Kuna sheria ya majina ambayo ingewachekesha watu wa kwetu. Jina la utani linaruhusiwa kwenye karatasi ya kura likiwa neno moja lisilozidi herufi 10, mgombea awe anajulikana kwalo kwa miaka 3 au zaidi, na lisiwe kaulimbiu. Simba linaweza kupita. Mchapakazi lina herufi 10 kamili, lakini linanuka kaulimbiu kutoka mbali. Daktari, Mchungaji, Mheshimiwa, vyote hivyo vinaachwa mlangoni.

Na kuna neno moja dogo la Kiingereza, "for". Mgombea ambaye hajashika kiti hicho hawezi kuandika kwenye bango jina lake na cheo tu, kwa kuwa atamfanya msomaji adhani tayari ni mbunge. Lazima neno hilo likae kati ya jina na cheo, na ukubwa wake usipungue nusu ya herufi za cheo. Wachora mabango wa bei nafuu hulifanya dogo kama chungu, au huliacha kabisa ili mpangilio upendeze, na mgombea anajikuta na mabango 300 yanayovunja sheria. Soma sampuli kabla hujalipa. Tazama pia kama ile kauli ya kuonyesha nani amelipia tangazo imo.

Nikiwa bado kwenye mabango: mabango hayapigi kura. Yanamtuliza mgombea, yanamfurahisha mama mkwe wake, na yanaliwa na upepo. Lile kubwa la futi 4 kwa 8 linataka nguzo za chuma zilizopigwa ardhini, na huko magharibi mwa Texas bango lisilokatwa matundu ya kupitisha upepo linageuka tanga. Ukiliweka kwenye hifadhi ya barabara, watu wa idara ya barabara wataling'oa, nao wana haki. Weka machache, kwenye viwanja vya watu waliokubali kwa maandishi. Jumuiya za wenye nyumba, zile zinazokataza hata kuanika nguo, haziwezi kumkataza mwenye nyumba kuweka bango la mgombea kuanzia siku 90 kabla ya uchaguzi. Ila zinaweza kumwekea masharti, kwa mfano bango moja kwa kila mgombea.

Sasa tuingie jikoni, yaani kwenye daftari.

Daftari la wapiga kura la Texas halina safu ya chama. Hakuna anayejiandikisha kuwa Republican. Mtu anafika kituoni Machi na kusema nipe mchujo wa chama hiki, basi. Lakini kumbukumbu ya mchujo aliochagua inabaki, ni ya wazi, na kampeni hununua orodha hiyo. Ukiishika karatasi ya kutembelea mtaa, utaona namba ya nyumba, jina, umri, kisha safu za miaka: 2018, 2020, 2022, 2024. Ndani yake kuna R, au D, au patupu.

Tutembee mtaa mmoja wa mfano. Nyumba 1412: mume miaka 71, mke 69, wote R, R, R, R. Hapo gonga, na wasipofungua acha kadi yenye sentensi moja ya mwandiko wa mkono, maana hawa wawili watapiga kura hata wewe usipokuwepo, na swali ni kwa nani. Nyumba 1416: kijana wa miaka 29, safu zote za Machi ni tupu. Pita, hata kama amekupungia mkono. Nyumba 1420: patupu, R, patupu, R. Huyu huamka mwaka wa urais tu. Kama uchaguzi wako ni wa mwaka wa gavana, anahitaji kukumbushwa tarehe mara 3, si kuhubiriwa sera. Nyumba 1424: D, D, patupu, R. Ama amehama, ama alivuka Machi ile ili amzuie mtu fulani. Muulize kwa upole na uandike jibu.

Mtembeaji mzuri hupita milango 15 hadi 20 kwa saa, na mlango mmoja katika 3 au 4 ndio unaofunguliwa. Wapiga kura 24,000 wakiwa wastani wa mmoja na nusu au zaidi kidogo kwa nyumba, hizo ni nyumba kama 15,000. Kwa milango 18 kwa saa ni saa 833. Mgombea akitembea peke yake saa 4 kila siku, atamaliza baada ya siku 208. Kwa hiyo anayeanza Januari kwa kura ya Machi ameshachelewa, na ndiyo sababu wenye akili wanaanza Juni, ndani ya lile joto, na chupa 2 za maji mfukoni. Maeneo bunge ya mashambani, yenye kaunti kadhaa na nyumba iliyoko kilomita 2 nyuma ya geti la ng'ombe, hayatembeleki hivyo. Huko kuna simu, posta, maonyesho ya mifugo, na chakula cha mchana cha chama cha kaunti.

Halafu kuna maneno yenyewe ya kihafidhina. Msidhani kinachobishaniwa Machi ni kati ya mhafidhina na asiye mhafidhina. Wote wamesimama upande mmoja kuhusu bunduki, mpaka wa nchi na utoaji mimba. Ugomvi ni wa ndani, na usipoujua utajibu swali ambalo hukuulizwa.

Mfano mkubwa ni wa 2023 na 2024. Gavana Greg Abbott alitaka fedha za umma zimsaidie mzazi kulipia shule binafsi. Novemba 17, 2023 baraza lilipiga kura 84 kwa 63 kuiondoa sehemu hiyo kwenye mswada, na Republican 21 waliungana na Democratic kuiondoa. Wengi wao walitoka mashambani. Kule shule ya umma mara nyingi ndiyo mwajiri mkubwa wa kaunti, shule binafsi ya karibu iko mwendo wa saa nzima, na Ijumaa jioni mji wote uko kwenye uwanja wa futiboli wa shule hiyo. Kwa wapiga kura wao, kuitetea shule ulikuwa uhafidhina. Kwa gavana, uhafidhina ulikuwa kumpa mzazi uchaguzi. Desemba hiyo tajiri mmoja wa Pennsylvania, Jeff Yass, akampa gavana mchango wa dola milioni 6, na gavana akaingia kwenye michujo dhidi ya wabunge wa chama chake mwenyewe.

Juu ya hilo kulikuwa na kisasi cha pili. Mei 27, 2023 baraza hilo hilo lilikuwa limemshtaki Mwanasheria Mkuu Ken Paxton, ili avuliwe cheo, kwa kura 121 kwa 23. Seneti ikamwachia Septemba, naye akaenda eneo hadi eneo akiwaunga mkono wapinzani wa waliomshtaki. Mpaka duru ya pili ya mchujo inakwisha Mei 2024, wabunge 15 wa Republican waliokuwa wakitetea viti vyao walikuwa wamepigwa na wenzao wa chama, 9 Machi na 6 Mei. Glenn Rogers, mfugaji na daktari wa mifugo wa magharibi mwa Fort Worth, aliangushwa Machi. Stan Lambert wa Abilene, aliyepiga kura ile ile ya Novemba, alipona. Mswada wa shule ukapita 2025, kwa bajeti ya kuanzia ya dola bilioni 1.

Kwa hiyo mgombea mpya atatumiwa madodoso na makundi yanayotoa uungaji mkono, ya kupinga utoaji mimba, ya bunduki, ya kodi, ya wanaosomesha watoto nyumbani. Ni ya ndiyo na hapana, na majibu yanahifadhiwa. Hatari iko kwenye maswali mawili yanayofanana kutoka makundi mawili yasiyopatana: Texas Right to Life na Texas Alliance for Life wote wanapinga utoaji mimba, na wamewahi kuwaunga mkono wagombea tofauti katika kiti kimoja. Usijaze dodoso usiku wa manane. Nakala ya kila jibu ibaki kwenye faili moja, ili jibu la Oktoba lisije likapigana na la Februari.

Swali litakaloulizwa mlangoni kuliko yote ni kodi ya nyumba. Texas haina kodi ya mapato ya mtu binafsi, kwa hiyo uzito umekaa kwenye nyumba na ardhi. Mgombea lazima ajue kwamba mbunge hapangi kiwango chako. Kinapangwa na bodi ya shule, kaunti na jiji. Kinachofanyika Austin ni msamaha: kwa kodi ya shule, thamani inayosamehewa kwenye nyumba unayoishi ilipandishwa kutoka dola 40,000 hadi 100,000 mwaka 2023, kisha wapiga kura wakaidhinisha 140,000 Novemba 2025. Nyumba ya 250,000 inatozwa kodi ya shule kana kwamba ni ya 110,000. Wapo wagombea wanaosema wataifuta kodi hiyo kabisa. Muulize shule zitalipwa na nini. Jibu la kawaida ni kodi ya mauzo, ambayo tayari ni asilimia 6.25 ya jimbo na hufika 8.25 pamoja na ya miji. Asiye na jibu la swali hilo hajakomaa, hata kama anapigiwa makofi.

Kura ya mapema huanza kama wiki mbili kabla ya siku yenyewe, na kampeni nzuri hubadilika sura siku hiyo. Kila siku kaunti hutoa orodha ya waliopiga kura jana. Si nani walimchagua, bali nani amefika. Orodha inaingizwa kwenye daftari la kampeni, majina yanafutwa, na waliofutwa hawapigiwi simu tena wala hawatumiwi kadi ya posta. Anayesahau kufuta anaendelea kulipa stempu za watu waliokwisha kupiga kura, na kuwaudhi juu yake. Wenye miaka 65 na zaidi wanaruhusiwa kuomba karatasi ya kura kwa posta, nao hupiga mapema kuliko wote. Kadi yao ifike wiki kadhaa kabla ya wengine, la sivyo inamkuta bibi ameshatuma bahasha.

Asipopatikana mwenye zaidi ya nusu ya kura, wawili wa juu hurudi Jumanne ya nne ya Mei. Hapo waliojitokeza Machi hupungua sana, na kila jina lina uzito. Mwaka 2024 Spika mwenyewe, Dade Phelan wa Beaumont, alitanguliwa Machi na David Covey, kisha akamshinda Mei kwa tofauti isiyofika kura 400 katika kura zipatazo 25,000. Mambo mawili ya kanuni hapa. Aliyepiga mchujo wa Democratic Machi hawezi kuingia duru ya pili ya Republican. Aliyekaa nyumbani Machi anaweza kuingia yoyote. Kampeni inayotumia tena karatasi za Machi bila kuzichambua inagonga milango ya watu waliofungiwa nje na kuwaruka walio huru.

Upande wetu sasa, sisi wa lugha hii. Mwenye grini kadi anaweza kutembea mlango kwa mlango, kupiga simu, kupika, kuchangia. Asijiandikishe kupiga kura wala asipige, hata karani akimpa fomu kwa bahati mbaya kwenye ofisi ya leseni. Hilo linaweza kumpokonya ukaazi na kumrudisha alikotoka. Aliyekwisha kuapa uraia ajiandikishe angalau siku 30 kabla, kwa karatasi, kwani Texas haina uandikishaji wa mtandaoni kwa mtu anayejiandikisha mara ya kwanza. Kituoni aje na kitambulisho chenye picha. Leseni ya Texas, pasipoti ya Marekani, au cheti cha uraia chenye picha vinakubaliwa. Asiyesoma Kiingereza anaruhusiwa kuja na msaidizi, mradi si mwajiri wake wala mjumbe wa mwajiri wala kiongozi wa chama chake cha wafanyakazi, na msaidizi huyo ataapa. Simu zizimwe ndani ya futi 100 za mahali pa kupigia kura, na fulana ya mgombea ivuliwe au ifunikwe kabla ya kuvuka mstari huo.

Chakula na khanga tuviache kabisa. Kumpa mtu kitu ili apige kura ni jinai, hata kikiitwa takrima.

Makanisa yana swali lake. Tangu 1954, kwa pendekezo la Lyndon Johnson alipokuwa seneta wa Texas, shirika la dini au la hisani lenye msamaha wa kodi limekatazwa kumuunga mkono mgombea. Julai 2025 mamlaka ya kodi iliiambia mahakama moja ya hapa hapa Texas kwamba haioni mchungaji akiongea na waumini wake ibadani kuwa anavunja katazo hilo, lakini maneno ya sheria yenyewe hayajafutwa. Njia isiyo na mashaka ni ile ya zamani: alika wagombea wote, wape dakika sawa, na pesa za kanisa zisiguswe.

Aliyeshinda anaapishwa Jumanne ya pili ya Januari, mwaka usiogawika kwa mbili, na kikao ni siku 140. Kura yake ya kwanza ni ya Spika, na wapiga kura wa Machi wanaiangalia kuliko miswada. Januari 2025 Dustin Burrows alipata 85 dhidi ya 55 za David Cook, na katika hizo 85 nyingi zilikuwa za Democratic. Kila Republican aliyemchagua aliulizwa nyumbani kwa nini. Tangu siku 30 kabla ya kikao, na muda wote wa kikao, mbunge haruhusiwi kupokea mchango. Basi kwa dola 600 kwa mwezi, mtu mwenye kazi ya kuajiriwa hawezi kutoweka siku 140, na ndiyo sababu mle ndani kumejaa mawakili, wafanyabiashara na wenye ranchi.

Aliyeshindwa naye hajamaliza. Mabango yaondolewe, kwani ulinzi dhidi ya jumuiya za wenye nyumba unaisha siku 10 baada ya uchaguzi. Madeni ya mchapaji yalipwe kutoka akaunti ya kampeni, si mfukoni kimyakimya. Na mweka hazina afunge kazi kwa ripoti ya mwisho, ile inayotiwa alama kwamba ndiyo ya mwisho. Isipopelekwa, Tume ya Maadili itaendelea kumdai ripoti kila Januari na kila Julai, hata kama tangu Machi hajapokea senti.